Vikinga Magoti vya Pamba

Wajina wangu Wambui,

Huku Gatuanyaga tuko sawa. Mbuzi wa babu yako amezaa mapacha, na vumbi ni jingi mpaka naanua nguo zikiwa chafu kuliko nilivyozianika.

Umeniuliza ufanyeje na wanafunzi wako huko Ruiru, waliotengeneza mshipi wa kupima mapigo ya moyo ambao wakimbiaji hawataki kuuvaa.

Nikiwa msichana kwenye kiwanda cha nguo pale Thika, wenzangu wa timu ya voliboli walikuwa wakichubuka magoti. Nikawashonea vikinga magoti, nikavijaza mabaki ya pamba. Niliwapima wakiwa wamesimama foleni ya chai, na viliwakaa vizuri sana. Siku ya mechi vilinyonya jasho, vikawa vizito, vikateremka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Hata refa alicheka.

Kapteni wetu, Atieno, hakunigombeza. Alinipa vyake akasema, "Vaa, ingia ucheze." Nilijirusha chini kufuata mpira mara moja tu, nikajua pa kukata na pa kukaza. Vilivyofuata nilivishona kwa tyubu kuukuu za baiskeli, na timu za viwanda vingine zikaanza kuniagiza.

Wanafunzi wako ni werevu, usiwahubirie. Kila mmoja aufunge mshipi huo mwenyewe, wakimbie mpaka Kamakis na kurudi. Wakifika, usiwaulize kitu. Angalia tu ni nani bado ameuvaa.

Nyanya yako, Shosho