Hita ya Samaki wa Mama Yako

Chumba cha kushonea,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mwanangu,

Habari za huko ugenini? Kile kikohozi kimekwisha? Sisi huku ni wazima, ila magoti yangu, nayo nimeshayazoea.

Nianze na lililokukosesha usingizi: samaki wa marehemu mama yako wako hai, wote. Sasa pumua.

Unajua hali ya baba yako tangu msiba. Kaka yangu haongei, chakula anakidonoa tu, na kinachomtoa kitandani ni kwenda kuwalisha hao samaki. Kwa hiyo hita ya kupashia joto maji ya tangi lao ilipokufa, na baridi hii, nilichanganyikiwa. Nilijiambia, samaki wakienda, na huyu atawafuata.

Nikakimbilia dukani. Tangi ni la lita mia, na muuzaji akanitolea hita ya wati mia. Niliiona nyembamba, haina hadhi. Mimi ni fundi cherehani, mwanangu. Sare ya mtoto naishona kubwa akue nayo. Nikataka ya wati mia tatu. Muuzaji alinikataza, nikamwambia asinifundishe vipimo. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa mahututi.

Basi juzi hiyo hita kubwa ikakwama, ikawa haijizimi. Nilikuta maji yana moto kama ya kuogeshea mtoto, samaki wote juu wanahema. Nilichomoa waya, nikaongeza maji ya baridi kidogo kidogo, huku namwomba Mungu kaka asiamke. Niliogopa sana.

Nikarudi dukani nimenywea, mdogo kama kifungo. Muuzaji hakunicheka, ingawa nilistahili. Alinieleza kuwa hita kubwa ikikwama huchemsha tangi kabla mtu hajawahi kuichomoa. Akanipa mbili za wati hamsini, moja kila upande: moja ikifa, nyingine inashikilia, moja ikikwama, haina nguvu ya kuwapika. Sasa maji yametulia, na jana nimelala fofofo.

Msalimie mkeo na yule binti yenu mtundu. Jirani yetu muuguzi anakusalimu, anauliza lini utakuja. Mungu akufunike huko uliko.

Hapa nilitaka kuweka kalamu chini. Baba yako ametoka kuwalisha, kasimama mlangoni ananitazama.

"Dada, hawa wameshiba. Sisi tunakula nini?"

Nalia, mwanangu, lakini naenda kupika.

Shangazi yako akupendaye.