Beki Asiyechafuka

Baba, shikamoo.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu ya aibu. Uliondoka masika, na sasa mahindi ya Bigwa yameshavunwa.

Siku tunakuzika, Bi Kulwa, mtani wetu Mnyamwezi, alikuja na haki yake ya utani. Alivaa jezi yako nyeupe ya timu ya kiwanda, akajikalia njiani mbele ya jeneza, akapiga miayo. "Mnamlilia nani nyie Waluguru? Huyu alikuwa mtazamaji, kajipenyeza uwanjani bila tiketi. Masika nzima wenzake wanagaagaa kwenye tope, yeye jezi nyeupe pee." Watu wakacheka na machozi yao. Hata mjomba alicheka. Mimi nikamvua ile jezi kwa nguvu, nikamwambia aondoke.

Mluguru mzima, namkasirikia mtani msibani. Kicheko kilikatika. Mjomba alimwomba radhi kwa niaba yangu, mimi nikanuna. Bi Kulwa akaenda zake kabla hujafukiwa.

Unajua kilichoniuma? Nilidhani anasema kweli. Miaka yote nilikaa pembeni ya uwanja nikiufuata mpira kwa macho, nikiwashangilia wafungaji. Wewe sikukutazama. Ukirudi nyumbani, ukinawa miguu, ulikuwa unasema, "Leo hapakuwa na kazi," nami nilikuamini. Mtoto wako mwenyewe, Baba.

Sasa vijana wa mtaa wanachora ukutani pale uwanjani wachezaji kumi na mmoja bora wa Morogoro wa nyakati zote. Waliitisha kikao, nikaenda. Nikasimama nikasema hajawahi kutokea beki kama wewe. Kijana mmoja wa bodaboda akaniuliza, kwa heshima tu, "Dada, tupe siku moja aliyookoa." Nikatafuta kichwani, sikupata hata moja. Mshambuliaji ana magoli yake, kipa ana penalti zake. Mimi nilikuwa na maneno ya Bi Kulwa peke yake.

"Masika nzima jezi yake ilikuwa nyeupe," nikasema. Wakacheka. Nikaendelea, huku nami ndiyo kwanza naelewa: beki anayejitupa chini ameshachelewa, na sisi tunampigia makofi kwa kuzima moto aliouacha uwake. Baba hakuuacha uwake.

Mzee Shomari, aliyekuwa mshambuliaji wa wapinzani wenu, akainua mkono. "Kila nilipotaka kwenda, nilimkuta kasimama. Nilihamia winga ili nisikutane naye."

Hakuna aliyecheka tena. Wamekupitisha, Baba. Utachorwa na namba tano yako.

Walinipa mkono, wakanisifu kwa hoja nzuri. Nami nikapokea sifa bila kumtaja Bi Kulwa. Yule mama alikuwa anakutazama wewe wakati sisi tunatazama mpira, na mimi nilimfukuza kwenye maziko yako, kisha nikajipamba kwa maneno yake.

Kesho naenda kwake na mjomba. Nitamwomba radhi kwa mdomo wangu, halafu nitarudi naye kwa wale vijana wajue hoja ni ya nani. Kisha nitamwomba twende wote kaburini, amalizie kukutania pale nilipomkatiza. Nakuahidi nitakaa mpaka mwisho, na nitacheka.

Pumzika, Baba.

Mwanao,
Mwanahawa