Kisogo Changu na Kinyozi wa Getini

Jumapili, 3 Machi
Bila hiki kichwa changu lile ghorofa tunalojenga lingekuwa shimo mpaka leo. Injinia ana makaratasi, mimi nina jicho. Mwaka juzi niliukazia macho ukuta uliopinda, ukanyooka wenyewe. Watu wameshuhudia.
Kesho mpiga picha anakuja kutupiga sisi manyapara, tubandikwe ubaoni mlangoni. Kwa hiyo nimepita kwa kinyozi wa getini. Kanyoa vizuri, siwezi kusema uongo. Halafu kaishia njiani! Eti ameacha kivuli kidogo cha nywele kisogoni kwa makusudi, nywele zangu ni za kujikunja, zikifyekwa hadi chini zinaota ndani kwa ndani, ngozi inachachamaa. Eti nisiguse tena wiki nzima. Nani kamwomba mawaidha? Mimi nimeagiza kung'aa.

Jumatatu, 4 Machi
Nimeng'aa. Mpiga picha kaniomba nigeuke kidogo, kamera yake inaona majua mawili.
Kisogo kinawasha.
Mke wangu anapekua nyumba nzima, wembe wake wa kufumulia nyuzi hauonekani na ana suruali ya mteja mezani. Kaniuliza mara mbili. Mambo ya cherehani mimi nayajulia wapi?

Jumanne, 5 Machi
Vipele! Nimehesabu kwa kidole hadi thelathini na mbili, nikachoka. Vingine vina usaha. Helmeti ikigusa tu, moto. Nikiivua, nyapara gani huyo anayekaa kichwa wazi chini ya winchi? Wataniondoa kwenye zege wanipeleke kuhesabu misumari.
Fundi plasta kanizunguka nyuma, halafu kawauliza wenzake nani kapiga kokoto kwenye kisogo cha mzee. Wamecheka mpaka mmoja kaangusha karai. Nimewakatiza wote.
Mchana nikaenda getini. Nikamwambia yule kinyozi mbele ya wateja wake: mashine yako chafu, unatupaka magonjwa. Alichukua kitambaa na spiriti akaipangusa mashine taratibu, kama vile mimi sipo. Hilo limenikera kuliko vipele. Wateja waliinuka. Mmoja alikuwa amenyolewa upande mmoja, kaondoka na nusu yake.
Safi. Adabu.

Jumatano, 6 Machi
Habari zimemfikia injinia. Kaniita, kaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia kweli tupu, na kwamba daktari kashika kichwa chake mwenyewe alipokiona changu. (Daktari sijakwenda. Lakini angekwenda mtu mwingine na kichwa hiki, daktari angeshika.)
Injinia kasema mtu anayeumiza vibarua hakai getini kwake. Kinyozi apewe mpaka Ijumaa saa sita, aondoe kiti na kioo. Miaka tisa alikuwa pale, kabla hata ya msingi.
Sikusema afukuzwe kabisa. Lakini pia sikusema asifukuzwe.

Alhamisi, 7 Machi
Mpwa wangu muuguzi kaja, kaitwa na mke wangu bila idhini yangu. Kanikalisha kwenye stuli kama mtoto. Usikamue, Mjomba. Usinyoe tena mpaka vipoe. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni, na chini ya helmeti vaa kitambaa safi cha pamba. Siku ukinyoa, lainisha kwanza kwa maji moto na povu, wembe mpya, fuata nywele zinakolala, pita mara moja, usikandamize.
Nikamwambia nayajua yote hayo tangu hajazaliwa.
Akainamia kisogo changu. Halafu, kwa sauti ya chini: mbona vipele viko kisogoni na nyuma ya sikio la kulia tu? Na mikwaruzo yote inapanda juu. Mashine ya kinyozi haikwaruzi hivi, Mjomba. Huu ni wembe.
Mke wangu aliacha kukanyaga cherehani.
Nikakohoa. Nikasema kuna vinyozi wana mbinu za siri. Watoto wa siku hizi wanasoma kidogo wanadhani wamemaliza dunia!

Ijumaa, 8 Machi
Saa sita kasorobo. Naandika nimekaa juu ya mfuko wa saruji, stoo. Nimewaambia nafuata daftari la zamu.
Kinyozi ameshakunja kiti. Kioo kakifunga kwenye shuka. Injinia yupo, fundi plasta yupo, nusu ya saiti ipo. Kinyozi hakulia wala hakutukana. Kasema, sawa nyapara, naondoka, ila uniambie kitu kimoja tu: pale mimi nilipoishia, kuna mkono mwingine ulipita?
Injinia kanigeukia. Haya, mzee, mjibu.
Ndipo nikakumbuka daftari.
Wananiita. Nasikia. Acheni kelele!
Wembe uko mfuko wa ndani wa koti, nimeukalia wiki nzima. Jumapili mke wangu alipotoka nilijifungia bafuni. Bila maji, bila sabuni, kutoka shingoni kwenda juu, mara tatu. Na mimi si mjinga, nilimsikia kinyozi vizuri kabisa. Ila nilikiangalia kile kivuli kwenye kioo.
Kilikuwa cheupe, mvi tupu.