Nimeshausoma Mwisho, Shangazi Bado Anauombea

Dada Batuli mpendwa, shikamoo.

Hili sijawahi kumwambia mtu: mimi nikipata kitabu husoma kwanza ukurasa wa mwisho, kwa sababu sipati usingizi bila kujua nani atapona, na mpaka juzi tabia hiyo haikumdhuru mtu. Niko kidato cha tatu, naishi Ipagala kwa shangazi yangu Loisi, na tumeletewa karanga za mbegu kutoka shambani Mlali, hizo tunabangua kwa mkono maana mashine huzivunja, basi jioni shangazi na jirani yetu Mama Erica wanabangua uani na mimi nawasomea riwaya, kwa kuwa kwetu anayesoma habangui. Mama Erica hunitania, "Huyu kapenda kitabu au kazikimbia karanga?"

Riwaya inahusu kijana aliyekwenda kutafuta maisha akawa kimya, mama yake anamngoja, na shangazi naye ana mwanawe Elisha, yuko machimboni, tangu mwaka juzi hajapiga simu. Juzi shangazi akasema, "Huyu wa kitabuni akirudi, na wangu anarudi. Nimeliweka hivyo mbele za Mungu." Mama Erica akaitikia amina. Mimi nikainamia kitabu, kwa sababu najua kijana harudi, alishakufa, na imebaki sura moja tu. Nimewaza kutunga mwisho mwingine, shangazi hajui kusoma, hatagundua, au niseme kitabu kimepotea, ingawa ni cha maktaba ya shule. Nifanyeje?

Debora, Ipagala

Marahaba, Debora.

Kuanza na mwisho si dhambi, kila mtu na usomaji wake. Kosa lako ni kukaa kimya huku mwenzako anauombea ukurasa ambao umeshachapwa. Huo mwisho wa kutunga uache kabisa. Ukimrudisha kijana wa kitabuni, shangazi yako atamtandikia Elisha kitanda, na asipotokea utamwambia nini? Na kitabu cha maktaba unataka kukificha wapi, binti?

Najua unaona haya. Sema hivyo hivyo ukiona haya, mkiwa wawili, kabla hujakifungua. Kusoma au kuacha aamue yeye. Kisha mtafuteni Elisha kwa watu, kwenye riwaya hayumo. Aliondoka na nani? Anzieni hapo.

Debora alituandikia tena:

Dada Batuli, nilimwambia asubuhi tukipepeta maganda. Akaendelea kupepeta, kisha akasema, "Ndiyo maana siku hizi unasoma kwa kujivuta."

"Nisamehe, shangazi."

"Jioni soma mpaka mwisho. Huyo ni wa mwandishi. Wangu ni wangu."

Nilisoma kama kilivyoandikwa. Mama Erica alilia, shangazi alibangua tu. Jumapili baada ya ibada tulikwenda Nkuhungu kwa Ludovick, aliyesafiri na Elisha akarudi mapema. Shangazi hakuwahi kumuuliza kitu, aliogopa jibu. Ludovick alisema Elisha alibadili laini, naye akatupatia namba mpya. Shangazi akaniambia nipige mimi. Mimi huogopa kuzungumza kwenye simu hata na watu ninaowajua, lakini nilipiga, nikaweka sauti ya juu ili naye asikie.

Iliita.