Nyundo ya Tano

Itigi, 4 Machi 1936

Mjomba Naftali,

Shikamoo. Mimi na Kristina hatujambo. Mguu wako uliouma wakati wa kupanda unaendeleaje?

Madereva wa malori wanasema Wazungu wa machimbo wameleta mtambo wa kutwanga mawe ya dhahabu, na utasimikwa kwenye kilima chenu. Wanasema pia mafundi wanatafuta nyumba pale kijijini. Mjomba, uza sasa. Tangu mkeo Elina afariki uko peke yako, na mrithi wako ni mimi niliye huku relini. Kuna mtu hapa, Yeremia, anauza nyumba ya vyumba viwili hapa Itigi. Ameniahidi kunisubiri miezi michache. Ukiuza yako, tutanunua hiyo, nawe utakaa karibu nasi.

Mpwa wako,
Marko


Kinampanda, 2 Aprili 1936

Mpwa wangu Marko,

Marahaba. Mguu umepona, umebaki ugumu wa asubuhi tu. Msalimu Kristina.

Uliyosikia ni kweli. Ardhi haiuzwi, wajua mwenyewe. Kinachouzwa ni nguzo, paa na mlango. Hata hivyo Mughwai ameuza tembe lake la paa la udongo kwa shilingi sabini, na lilikuwa linavuja. Anselm, seremala wa machimbo, amekuja kwangu na kutaja themanini. Alipiga nguzo zangu kwa kifundo cha kidole, moja baada ya moja, kama mtu anayebisha hodi.

Nimemwambia asubiri nivune mtama. Siwezi kuhama huku chakula kiko shambani.

Mjomba wako,
Naftali


Kinampanda, 19 Julai 1936

Mpwa wangu Marko,

Natumaini homa iliyomshika Kristina imekwisha. Mimi ni mzima na ghala limejaa.

Mtambo ulianza tarehe 6 Juni. Una nyundo tano za chuma, zinapanda na kushuka usiku na mchana, isipokuwa Jumapili. Udongo wa paa unadondoka kidogo kidogo. Dorika, jirani yangu, hufunika vyungu na bado anakuta mchanga kwenye mboga. Watoto wake wamezoea kusema kwa kupiga kelele, hata wakiwa kanisani.

Anselm amerudi. Hakuingia ndani. Alisema, "Mzee, nyumba ni nzuri, ila imewekwa mahali pabaya." Nikamjibu kwamba nyumba haijasogea. Sasa wote wanataka ng'ambo ya mto, ambako sauti haifiki. Tembe lililokuwa shilingi thelathini kule limekuwa tisini, na huku kwetu hakuna anayeuliza.

Nalala mchana siku hizi, baada ya shamba. Naota sana.

Mjomba wako,
Naftali


Itigi, 8 Agosti 1936

Mjomba,

Shikamoo. Kristina amepona, anakusalimu.

Yeremia ananibana. Nimempata Bonaventura, fundi wa kujenga anayekwenda kuanza kazi huko machimboni. Atatoa shilingi arobaini. Ni nusu ya zile za Anselm, lakini tukubali. Atakuja kuiona mwezi ujao. Tafadhali mpokee vizuri.

Mpwa wako,
Marko


Kinampanda, 21 Septemba 1936

Mpwa wangu Marko,

Marahaba. Afya yangu njema, nanyi Mungu awape hivyo.

Bonaventura alikuja Jumatano. Nilimpokea vizuri. Nilimpa uji, nikamkalisha palipo na kivuli, ndani, chini ya nguzo ya kati. Udongo ulidondoka mara mbili ndani ya bakuli lake. Akauliza sauti ile hunyamaza lini. Nikamwambia Jumapili.

"Na wewe unalalaje?"

"Vizuri kuliko zamani."

Alinitazama kama anayemtazama mgonjwa. Akashukuru kwa uji, akachukua baiskeli yake. Mambo ya bei hayakutajwa.

Dorika ananitania kwamba nimeoa mtambo. Anasema mwanamume asiyetaka kuhama penye kelele namna hii lazima ana mke kilimani.

Mjomba wako,
Naftali


Itigi, 15 Oktoba 1936

Mjomba,

Shikamoo.

Bonaventura ameniambia kuna mahali pengi pasipodondoka udongo katika nyumba ile, nawe ulimkalisha panapodondoka. Yeremia amemuuzia mtu mwingine. Sikulaumu kwa shilingi. Nataka kujua jambo moja tu: kwa nini hutaki kuja kwetu? Kama ni mimi niliyekukosea, sema.

Mpwa wako,
Marko


Kinampanda, 27 Februari 1938

Mpwa wangu Marko,

Hujambo, na Kristina hajambo? Nimesikia mmepata mtoto wa kike. Ni mwaka na miezi minne sijakujibu. Barua yako iko hapa mezani, haijapotea.

Hukunikosea. Na ni kweli nilimkalisha Bonaventura pale kwa kusudi.

Mtambo ulikuwa na nyundo tano, na ile ya tano ilikuwa mbovu, ikikosa zamu yake. Zilipiga nne, kisha pakawa kimya kidogo, kisha nne tena. Mke wangu Elina alitwanga hivyo hivyo. Alipiga mchi mara nne, akasimama kuugeuza mtama kwa mkono, akaendelea. Nilimsikia hivyo miaka ishirini na sita nikiwa nimelala mchana. Mtambo ulipoanza, nikalala, na usingizini alikuwa uani. Sikumwona hata mara moja. Nilijua tu kwamba yuko nje na kwamba chakula hakijawa tayari, kwa hiyo sina haja ya kuamka.

Hayo sikuweza kumwambia mnunuzi. Wala wewe.

Tarehe 11 Januari mtambo ulisimama. Wanasema dhahabu imekwisha. Mafundi wameondoka, na ng'ambo ya mto zile nyumba za shilingi tisini zimefungwa. Huku kwetu wanaokuja wanataka nguzo wazifanye kuni tu. Kumekuwa kimya kama siku ya msiba. Najilaza mchana, nasikiliza, naamka.

Sasa nyumba haina bei. Ungekuwa na haki ya kunicheka.

Mjomba wako,
Naftali


Itigi, 14 Machi 1938

Mjomba,

Shikamoo. Tu wazima, na mtoto anaanza kukaa. Anaitwa Elina.

Njoo. Nyuma ya nyumba yetu nimeongeza chumba. Nguzo mpe Dorika aimarishe paa lake. Kristina hupeleka mtama kwenye mashine ya Mhindi, hatuna kinu. Chako usikiache. Nimemweleza kuhusu zile nne na kimya. Amesema hawezi kuahidi kwamba itakuwa sawa, lakini mkono wa kugeuza anao.

Mpwa wako,
Marko


Singida stesheni, 2 Aprili 1938

Mpwa wangu Marko,

Mimi ni mzima. Natanguliza barua hii kwa treni ya leo. Mimi napanda ya keshokutwa. Nguzo nimempa Dorika. Mlango amekataa kuung'oa, anasema nitarudi kuutafuta.

Karani wa mizigo amekizunguka kinu mara mbili, akasema kwa uzito huu lazima kilipiwe kama abiria. Nimemwambia ameona vizuri.

Mjomba wako,
Naftali