Usiyatwange Masuke ya Mama

Koboko,
12 Machi 2024

Mpendwa mdogo wangu Umaru,

Assalaam alaykum. Habari za Juba? Na Hajara, kile kikohozi kimemwacha? Sisi tu wazima, ila miguu ya Mama imevimba tena, na mimi usingizi nausikia kwa wenzangu tu.

Mvua imeanza na majirani wanapanda. Shamba letu nimelilima mara mbili, samadi nimemwaga, na bado liko tupu. Kila asubuhi naenda kulitazama, kisha narudi.

Msimu uliopita jirani yetu Jada alipokea mpunga mpya kwa watu wa mradi. Wao walisema ni mbegu bora, basi. Redioni nasikia habari za mbegu zilizobadilishwa vinasaba, na hakuna aliyetuambia kama hii ni mojawapo. Nami waliponiletea nikaikataa, nikajiona mjanja.

Unajua desturi ya Mama: masuke ya mbegu hukatwa kwanza, yakatundikwa juu ya moshi wa jikoni. Safari hii nilikuwa na haraka, nikasema mbegu nitatoa kwenye gunia. Nikaazima turubai la Jada, nikapura bila kulikung'uta. Punje zake zilikuwa zimebaki kwenye mikunjo. Nimeichanganya mbegu yetu yote, Umaru, kwa mikono yangu mwenyewe.

Nimechambua wiki nzima, nikimficha Mama. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, nikadhani nimepona. Jana alitia mkono kwenye ungo, akamenya punje kwa jino, akatafuna. Akaniuliza polepole, "Madinah, hii mpunga iko ya nani?"

Nililia mbele yake, na umri wangu huu. Hakunigombeza. Akasema ulipohamia huko alikupa fungu la masuke ulitundike nyumbani kwako. Kama lipo, tafadhali usilitwange, hata mkifikiwa na wageni. Lifunge kwenye kitambaa, umpe Santino, dereva wa basi. Konzi moja yatosha kuanzia. Hili gunia tutalila.

Kama mlishalila fungu hilo, usinipigie simu. Njoo umwambie Mama mwenyewe.

Wasalimie Hajara na watoto, na rafiki yako Sunday mkimwona. Mungu awafunike kwa rehema zake.

Mama anasema nisikuharakishe, ila angependa kuuonja tena ule wa kwake. Mpunga huo huchukua miezi minne, Umaru, na yeye sasa hanyanyuki bila kushikwa.

Dada yako akupendaye sana,
Madinah