Mkono wa Durga

Tetulkuri, 4 Machi 1974

Mjomba Anadi,
Shikamoo, naigusa miguu yako. Kifua kimepona? Sisi hatujambo, ila Baba amekatwa sikio kwa mundu. Wachimba bwawa wameibua jiwe la kale lenye mungu wetu wa kike, Durga, aliyechongwa akimchoma nyati mkuki. Watu wa mtaa wa Mashariki wanasema ni lao, sisi wa Magharibi tunasema ni letu. Jana watu walichinjana humo humo topeni. Kaka Subal ananoa panga, ananiambia, "Kasome vitabu vyako, panya wewe." Kuhani anasema sanamu ikivunjika haiabudiwi tena. Ni kweli? Na huko makumbusho unakolinda, mnazipokea zilizovunjika?
Mpwa wako, Tuki

Bankura, 9 Machi

Tuki mwanangu,
Kifua kinakohoa, lakini kipo. Kuhani kasema kweli. Ila hapa kwetu miungu karibu wote hawana pua, na hakuna anayewagombea. Lori litakuja na polisi kulichukua jiwe. Wewe usiguse kitu! Mzuie kaka yako asitoke.
Mjomba wako

Tetulkuri, 15 Machi

Mjomba,
Shikamoo. Usiulize hali zetu. Barua hii niliiandika kwanza kwa Kiingereza cha shule, nikidhani haitauma. Imeuma, nimeichana.

Ni mimi. Wanaume walipokwenda kuchoma maiti, nilichukua jiwe la Mama la kusagia manjano, nikaupiga mkono wa Durga ulioshika mkuki mpaka ukakatika. Nilitaka wakose cha kugombea, Subal abaki hai. Waliporudi, pande zote mbili zikamkamata Haradhan mhunzi. "Si wewe mwenye nyundo!" Wakamng'oa meno kwa mateke. Nikasema, "Ni mimi." Sauti yangu unaijua, haifiki mbali. Aliyesikia ni Subal tu. Akanitazama, akapaza sauti: "Mwacheni mzee wa watu, ni mimi!" Wakamgeukia.

Lori limewakuta bado wanampiga. Yumo humo, pamoja na jiwe. Mwangalie, Mjomba.
Tuki

Bankura, 19 Machi

Mwanangu,
Subal alifariki njiani, kichwa kimeegemea jiwe. Damu nimeiosha mwenyewe. Mkubwa wangu kauliza mkono wa sanamu ulivunjika lini, nikamjibu, "Zamani sana." Nawe ukiulizwa, hujui. Nyamaza, si umezoea?
Mjomba wako

Tetulkuri, 24 Machi

Mjomba,
Shikamoo. Sasa wanasema mhunzi ndiye aliyempa Subal nyundo. Wamekusanyika uwanjani na mafuta ya taa, wamchomee nyumba. Mama nimeshamwambia kuwa ni mimi. Amenizaba kofi, kisha akanikalisha akanisuka nywele.

Mwambie mkubwa wako mkono umevunjika mwezi huu. Natoka sasa kwenda uwanjani. Safari hii nitapiga kelele.
Mpwa wako